Boliti ya springi ikikatika kwenye trela ya safari

Trela nyingi za safari za Marekani, yaani nyumba ndogo zinazokokotwa na gari, hutoka kiwandani zikiwa na bushi za plastiki (vijibomba vinavyozunguka boliti) kwenye springi za majani, yaani springi za vyuma bapa; bushi hizo zikishasagika, chuma hulana na chuma mpaka boliti ikatike njiani.

Ikikatika, acha trela ikiwa imefungwa kwenye gari, weka vizuizi kwenye magurudumu ya upande wa pili, kisha inua upande ulioharibika kwa jeki iliyo chini ya fremu, wala si chini ya ekseli, na utie stendi imara kabla hujaingiza mkono wako. Vua gurudumu, halafu tumia jeki ndogo kuipandisha au kuishusha ekseli kidogo kidogo hadi matundu ya kupitishia boliti yalingane.

Tazama kwa makini chini ya kichwa cha boliti mpya: utaona meno madogo, ambayo kazi yake ni kuuma kibao cha chuma kinachoshika ncha ya springi ili boliti isizunguke. Kwa hiyo igonge kwa nyundo mpaka meno yaingie, kisha kaza nati peke yake, kwa sababu ukizungusha kichwa kwa spana unayasaga meno hayo na kulipanua tundu. Kibao ambacho tundu lake limeshakuwa na umbo la yai kisirudishwe. Mimi napendelea boliti zenye kitundu cha kupitishia grisi, pamoja na bushi za shaba nyeusi, na ni vyema kubadilisha zote kwa pamoja, kwani zilizobaki zimechakaa vilevile.