Somo: Kujifunza Inscription kwenye World of Warcraft bila kumaliza dhahabu yako

Wakuu, somo nililoahidi ndilo hili. Naongelea zama za Wrath of the Lich King, nyongeza ya mchezo huu, kwa sababu ndiko fani hii ya uandishi ilikozaliwa: iliingia kwenye mchezo Oktoba 2008, na toleo namba 3.0.2. Anayecheza matoleo ya mbele asije akachukua namba zangu akanilaumu. Tangu nyongeza ya Legion, mwaka 2016, glifu nyingi (maandishi ya kubadilisha uwezo wa mhusika, ndiyo bidhaa yetu kuu) zimebaki mapambo tu.

Kazi yenyewe iko hivi. Majani yanasagwa yanakuwa unga wa rangi, unga unageuzwa wino, wino unaandikwa kwenye karatasi. Basi. Watu wanafilisika kwa sababu wanakimbilia mnadani kununua majani kwa pupa ili wapandishe pointi, kisha wanafika 450, kilele cha pointi zama hizo, mifuko mitupu na hawana cha kuuza. Pointi zinanunulika. Siku hazinunuliki, na fani hii inadai siku, kama mtakavyoona hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: mwalimu na vifaa. Mhusika wako awe amefika leveli 5. Upande wa Alliance nenda Stormwind kwa Catarina Stanford, upande wa Horde nenda Orgrimmar kwa Nerog. Muuza vifaa atakuuzia Virtuoso Inking Set (nunua moja, ikae begini daima) na Light Parchment. Hapo hapo kajifunze Herbalism, fani ya kuchuma majani, kama nafasi ya fani ya pili iko wazi.

Hatua ya pili: kusaga. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maswali mengi yanapotoka. Milling, yaani kusaga, inataka majani matano ya aina moja, yakiwa yamerundikwa pamoja kwenye nafasi moja ya begi. Peacebloom, Silverleaf na Earthroot zinatoa Alabaster Pigment. Unga mmoja wa Alabaster unakupa Ivory Ink, na unga wa aina hiyo mbili unakupa Moonglow Ink, ambayo utaitumia muda mrefu zaidi. Kuanzia hapo utaratibu ni ule ule, rangi ndiyo inayobadilika. Mageroyal, Briarthorn na Bruiseweed zinatoa Dusky Pigment ya kutengenezea Midnight Ink. Wild Steelbloom, Kingsblood, Liferoot na Grave Moss zinatoa Golden Pigment, ukipika unapata Lion's Ink. (Grave Moss inaota makaburini. Mara ya kwanza nilizunguka milimani karibu saa nzima nikiitafuta, hadi mwenzangu akanicheka.)

Mara moja moja kinu kitatoa na unga adimu, kwa mfano Verdant kwenye kundi la Dusky. Usiutupe na usiuze kwa haraka. Unatumika kuandika vitabu ambavyo mhusika anashika kwenye mkono usio na silaha, na mnadani huwa ghali kwa wanaopandisha pointi.

Kupandisha pointi kwenyewe hakuna siri: andika kitu chochote ambacho bado ni cha rangi ya chungwa au njano kwenye orodha yako na kinakula wino kidogo. Glifu moja ya kila aina kwanza, kabla hujarudia.

Hatua ya tatu, na ndiyo iliyonifanya niandike somo: ukifika 75 jifunze Minor Inscription Research siku hiyo hiyo. Inafanyika mara moja kwa saa 20, na ndiyo inayokufunulia glifu ndogo ambazo mwalimu hafundishi. Anayeianza mapema, akifika 450 tayari ana vitu ambavyo jirani yake hana hata awe na dhahabu kiasi gani. Ukifika 385 inakuja ndugu yake mkubwa, Northrend Inscription Research, kwa mtindo ule ule. Ingia hata dakika mbili, fanya utafiti wako, toka. Mimi nilichelewa nikaanza nikiwa na 400 hivi, na glifu zilizokuwa zinauzika vizuri niliziona kwa majirani tu.

Hatua ya nne ni Northrend, bara la zama hizi za Wrath. Majani ya huko yanatoa Azure Pigment, na unga wa Azure mbili unatoa Ink of the Sea. Yanatoa pia Icy Pigment, unga adimu, kwa ajili ya Snowfall Ink; Adder's Tongue, Lichbloom na Icethorn zinatoa Icy zaidi kuliko Goldclover. Sasa sikilizeni vizuri: mji wa Dalaran, ndani ya duka la Scribes' Sacellum, yuko Jessica Sellers. Ukimpa Ink of the Sea moja anakupa wino wowote wa chini, mmoja kwa mmoja. Kumi anakupa Snowfall Ink. Maana yake ukishafika Dalaran huna haja tena ya kurudi kuchuma Kingsblood kwa ajili ya glifu za zamani. Chuma au nunua majani ya Northrend yaliyo rahisi siku hiyo, yote yawe Ink of the Sea, kisha badilisha kadiri ya unachoandika.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, Milling kwangu inagoma kabisa. Nina majani manane begini.*

Angalia kama manane hayo ni ya aina moja na yako kwenye rundo moja. Manne hapa na manne pale hayasagiki. Kama hilo liko sawa, basi pointi zako ni chache kwa majani hayo. Ya Northrend yanataka 325.

*Nimekwama 350, mwalimu wa Stormwind hanipi kitu.*

Unahitaji Grand Master, ngazi ya juu kabisa ya fani zama hizo, nayo inataka mhusika wa leveli 65. Nenda kwa walimu wa Northrend.

*Kaka, bila Herbalism inawezekana?*

Inawezekana, kwa mwenye subira ya kuvizia bei. Usinunue siku toleo jipya linapotoka. Ile Oktoba 2008 kila mtu alikuwa anasaga, na majani ya Silverleaf yasiyokuwa na thamani yakawa yanagombaniwa.

*Vipi kadi za Darkmoon? Nasikia zina utajiri.*

Zina kamari, dada yangu. Ukiandika Darkmoon Card of the North unapata kadi moja kati ya 32: mikono (seti) minne ya kadi nane nane. Watu wanataka mkono wa Nobles, kwa sababu ukikamilika na kupelekwa kwenye maonyesho ya Darkmoon Faire unalipa Greatness, kipambo cha kumwongezea mhusika nguvu. Mimi kadi za mkono wa Prisms zilinijaa benki. Ukitaka kujaribu, uza kadi moja moja kwa wanaokamilisha mikono yao, usisubiri ukamilishe wa kwako.

*Kuna faida gani kwa mhusika mwenyewe, mbali na biashara?*

Mabega. Ukifika 400 unajiandikia Master's Inscription, maandishi ya kuongeza nguvu kwenye mabega ya vazi lako, ambayo ni ya waandishi peke yao. Wenzako watahangaika kulitumikia kundi la Sons of Hodir wiki kwa wiki kutafuta ya kwao. Wewe utaandika na kuondoka.

*Naweka glifu mnadani haziuziki. Nimeweka ishirini za aina moja.*

Ndiyo tatizo lenyewe. Weka mbili za kila aina, aina nyingi. Mtu hanunui glifu ishirini za Mage, anataka moja anayoikosa. Na angalia saa: sisi tulioko Afrika Mashariki tunaocheza seva za Ulaya, reidi (vita vya kundi kubwa) ya saa mbili usiku ya kule ni saa nne yetu majira yao ya baridi, na saa tatu yetu majira yao ya joto. Wateja wanapanga glifu muda mfupi kabla ya hapo. Weka bidhaa nusu saa kabla, ukale chakula, urudi kukagua kama kuna aliyekupunguzia bei.