Somo: Jinsi ya kumtazama kasa akitaga Lamu bila kumsumbua

Assalamu alaykum wanachama. Msimu wa upepo wa kusi umeingia, na jamaa wengi wanaokuja kutembea Lamu wanauliza watamwonaje kasa akitaga. Kwetu hutaga karibu mwaka mzima, lakini miezi hii ndiyo hupanda ufuoni kwa wingi. Kabla ya yote shikeni hili: tangu atoke majini mpaka yai la kwanza lianguke, kasa ana hofu kubwa. Akishtuka wakati huo hugeuka akarudi baharini, mayai yote yakiwa tumboni. Hatua nyingi hapa chini zinalinda kipindi hicho.

Hatua ya 1. Tafuta mwenyeji. Usiingie ufuoni usiku kivyako. Shela, hapa Lamu, kuna LaMCoT, kikundi cha uhifadhi wa bahari, ambao wamekuwa wakilinda kasa na viota tangu 1992, na wanajua kasa wamepanda wapi na lini. Ukiwa Malindi au Watamu, anzia ofisi ya hifadhi ya bahari ya KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya. Nendeni wachache. Kundi kubwa haliwezi kunyamaza, hata likiwa la watu wema.

Hatua ya 2. Uliza maji. Kasa hupendelea kupanda maji yakijaa, maana hapo hana mwendo mrefu wa kujikokota juu ya miamba na mchanga. Mvuvi yeyote atakwambia yanajaa saa ngapi.

Hatua ya 3. Vaa nguo za rangi ya giza, zima simu, acha sigara na manukato nyumbani. Tochi iwe nyekundu, na aishike mwenyeji peke yake.

Hatua ya 4. Tembea pale mchanga ulipolowa, macho yakitafuta njia ya kasa. Hapa pana elimu nzuri. Yule kasa mkubwa wa kijani husukuma mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo alama za kulia na kushoto hukaa sambamba, na njia yake ina upana wa mita moja hivi. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, hupishanisha, kulia kisha kushoto, na njia yake ni nyembamba zaidi. Sasa hesabu. Njia mbili, ya kupanda na ya kushuka, maana yake mwenyewe ameshakwenda zake. Njia moja tu, basi bado yuko juu. Simama hapo hapo, kaa chini. Usiikanyage njia yenyewe, kwa sababu asubuhi walinzi huisoma ili wakipate kiota.

Hatua ya 5. Ngoja. Wengi hushindwa hapa. Kwanza kasa hujichimbia shimo la kulaza mwili kwa mapezi ya mbele, na utausikia mchanga ukirushwa kabla hujamwona. Kisha kimya. Usidhani amemaliza, ndipo anapoanza kuchimba shimo la mayai kwa mapezi ya nyuma, moja likichota na kumwaga kando, jingine likingoja zamu. Huchota kidogo kidogo mpaka pezi lisifike tena chini. Shimo liko nyuma yake, naye haioni kazi yake hata mara moja, na bado kuta hutoka zimenyooka. Sijaona fundi wa kisima aliye nadhifu hivyo. Mwenyeji atatambaa kutokea nyuma achungulie, na mayai yakianza atakupa ishara.

Hatua ya 6. Sogea kwa nyuma, umeinama, wala usipite mbele ya kichwa. Mayai ni meupe, ya mviringo, yamelowa ute, na huanguka moja moja au mawili matatu kwa pamoja. Mara nyingi hupita mia. Ukimwona anatoa machozi, jua ni tezi za machoni zinazotoa chumvi ya bahari mwilini. Usimguse. Tazama kidogo, kisha urudi nyuma, kwa sababu akianza kufukia hurusha mchanga mbali ili kuficha kiota, na anahitaji nafasi.

Hatua ya 7. Akishuka, muachie njia wazi mpaka maji yamchukue. Kiota kisiwekewe jiwe wala kijiti cha alama. Wezi wa mayai nao wana macho. Mayai hukaa chini miezi miwili hivi, na joto la mchanga ndilo huamua jinsia: ukiwa moto zaidi huzaliwa majike. Kwa hiyo moto wa kuota ufuoni si jambo dogo.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nikipiga picha bila flashi je?
Kioo cha simu nacho ni taa, ndugu yangu. Rudi alfajiri upige picha ya njia mchangani. Inapendeza sana jua likiwa chini.

Nimefikia hoteli ya ufuoni Malindi, taa za bustani zinawaka usiku kucha. Nifanye nini?
Mwombe meneja, kwa adabu, azime zinazoangalia bahari au azikinge. Watoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga, na kwenye ufuo usio na taa, upande huo huwa ni wa bahari. Taa za nyuma huwapeleka barabarani.

Nina watoto wawili wadogo. Niwalete usiku?
Dada, usiku ni mzito kwao. Ulizia kiota kinachokaribia kuanguliwa, mje na walinzi. Wafundishe kufukia mashimo waliyochimba wakicheza, na wasimbebe kasa mdogo kumpeleka majini. Atembee mwenyewe.

Tulipelekwa mahali tukauziwa nyama na mafuta ya kasa, eti dawa.
Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza. Na nyama yenyewe inaweza kuua: Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Msinunue, na toeni taarifa.

Shekhe, mimi ni mvuvi wa Kizingitini. Akinasa wavuni?
Usimpindue chali. Kata nyuzi zote, zisibaki shingoni wala kwenye mapezi. Akiwa na nguvu, zima injini umrudishe kichwa kwanza. Akiwa mlegevu usimtupe, atazama. Mlaze kwa tumbo kivulini, nyuma painuliwe kidogo maji yatoke mapafuni, mfunike nguo iliyolowa bila kuziba pua, kisha pigia BMU yenu, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, au KWS. Watamu kuna kituo cha Local Ocean Conservation kinachotibu kasa.