Kuchagua na Kutumia Fulana ya Kupoza Mwili kwa Dereva wa Mbio za Magari

Kwa mbio za ridhaa zisizozidi saa moja hivi, fulana yenye vijibomba vyembamba, inayopitishiwa maji baridi na pampu ya volti 12 kutoka kwenye kasha la barafu, humtosha dereva aliyevaa suti ya kuzuia moto. Mtambo wa kompresa, unaopoza maji kama friji, hauhitaji barafu, lakini ni ghali na hula umeme mwingi. Kwa maoni yangu, anayeanza hauhitaji.

Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hufyonza takriban kilojuli 334, hivyo kilo 5 zinaweza kuondoa wati 300 za joto kwa dakika 90 hivi, ukiacha joto linalopenya kwenye kasha lenyewe. Gandisha maji ndani ya chupa, kwa kuwa bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, kisha weka chupa hizo kwenye kasha na kuongeza maji mpaka pampu isivute hewa. Kasha lifungwe sakafuni kwa bolti au mikanda imara, wala si kwa kamba za mpira. Fulana ibane mwili, na viungio vya mipira ya maji viwe vya kuchomoka kwa mvuto mmoja, ili dereva asinaswe anapolazimika kutoka haraka. Maji yakishakuwa na joto kuliko ngozi yako, zima pampu, maana kuanzia hapo yatakuongezea joto.