Somo: Daka, Sabule na Ndani katika Mipangilio ya Usalama

Assalamu alaykum wanachama. Leo tunajifunza kuandika skrini moja tu ya programu: ile inayomuuliza mtumiaji anataka ulinzi wa kiasi gani, katika programu zinazounganisha kompyuta moja kwa moja bila seva ya kati ili mtu asijulikane. Mfano wangu ni Freenet, iliyotoka mwaka 2000 na ambayo tangu 2023 inaitwa Hyphanet.

Hatua ya 1: Tenganisha hofu mbili.
Nyumba ya kale hapa Lamu ina daka (baraza la mlangoni) na tekani (ukumbi mdogo nyuma ya mlango) ili apitaye njiani asione ndani. Lakini mgeni aliyekwisha kuingia hukaa sabule, chumba cha wageni; "ndani", vyumba vya wenyewe, hafiki. Hizo ni kinga mbili. Freenet nayo huuliza mara mbili: hatari ya mtandaoni (nani ataona anwani yangu ya IP, ile namba inayoitambulisha kompyuta yangu mtandaoni?) na hatari ya mashine yenyewe (atakayeichukua laptop yangu atakuta nini?). Dada anayetumia kompyuta moja na kaka zake anaogopa hiyo ya pili, na ya kwanza huenda haimhusu kabisa. Ukiyachanganya maswali haya kwenye kitufe kimoja, utamtoza gharama ya kitu asichokihitaji.

Hatua ya 2: Andika sentensi.
Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Freenet ina ngazi nne kwa kila swali: chini, kawaida, juu, juu kabisa. Kinachopimwa ni hatari inayomkabili mtumiaji, lakini asomaye haraka hudhani ni ubora wa ulinzi. Nilichapisha skrini kama hiyo kwenye karatasi nikateremka nayo ufukoni kwa wenye mashua. Karibu wote waligusa "juu kabisa". Mmoja akaniuliza, "Kwani nani hutaka usalama wa chini?" Sikuwa na jibu.

Nikaandika upya: "Niunganishe na yeyote. Ni rahisi, ila nisiowajua wataona anwani ya kompyuta yangu." Na chini yake: "Niunganishe na marafiki ninaowajua tu. Nisipokuwa na marafiki humu, programu haitafanya kazi." Safari hii walisimama wakasoma, wakaanza kubishana wao kwa wao, jambo lililonifurahisha zaidi ya majibu yenyewe.

Hatua ya 3: Taja bei kabla mtu hajanunua.
Kwenye ngazi ya juu kabisa ya kulinda mashine, funguo za usimbaji, yaani zinazogeuza data isisomeke bila wao, hukaa kwenye kumbukumbu ya muda (RAM) tu. Kompyuta ikizimika, zimekwenda, na ulichokuwa ukishusha kimekwenda nazo. Sasa fikiria kompyuta ya mezani isiyo na betri, na umeme wetu huu. Kila ukikatika, unaanza upya. Liandike hilo waziwazi, kwa herufi za kawaida, si zile ndogo za chini. Ngazi iliyo chini yake hudai nenosiri: ukilisahau hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Hatua ya 4: Uliza kabla ya kuunganisha.
Programu ikiingia mtandaoni kwanza ndipo iulize, anwani imeshaonekana na swali halina maana tena.

Hatua ya 5: Kupanda kuwe rahisi, kushuka kuwe na kituo.
Anayeongeza ulinzi apite moja kwa moja, ila aambiwe kwamba yaliyoandikwa diskini jana bila kusimbwa yanaweza kuwa bado yapo. Anayepunguza aelezwe nani ataanza kumwona, kisha athibitishe.

Ngazi zikizidi, punguza. Tor Browser, kivinjari cha kumficha mtumiaji, kilianza na nne, zikabaki tatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mtoto wa Mkomani: Mwalimu, si tuweke ngazi moja tu, ya juu kabisa, tumalize?

Jibu: Ngazi hiyo mtandaoni huunganisha na marafiki tu. Mgeni asiye na rafiki hata mmoja humo ataona duara likizunguka mpaka achoke, aifute, arudi kwenye programu isiyomficha hata kidogo. Tena kujificha huhitaji umati. Kwenye zefa, maandamano ya Maulidi, mvaa kanzu haonekani kwa sababu wenziwe wamejaa. Ukiwafukuza watu wa kawaida kwa ugumu, waliobaki wote watatazamwa.

Dada wa Shela: Kaka, faili nililoshusha nikalihifadhi kwenye folda yangu ya kawaida, linalindwa na nenosiri la programu?

Jibu: Hapana dada. Likishatoka nje ya hifadhi ya programu, liko wazi kama picha zako nyingine. Onyo hilo liwekwe pale pale unapobonyeza "hifadhi". Kwenye ukurasa wa msaada hakuna alisomaye.

Mzee wa Faza: Na huyo rafiki akinigeuka?

Jibu: Shikamoo, ami. Swali zito. Rafiki huiona anwani yako, na akiwa hodari anaweza kukisia unatafuta nini. Ndiyo maana Freenet humwuliza mtumiaji anamwamini kila rafiki kiasi gani, na kama rafiki huyo ajulikane kwa marafiki wengine. Mimi ningeuliza hayo siku ya kumwongeza, mmoja mmoja, wala nisiruhusu kuongeza majina kumi kwa mkupuo.

Fundi Langoni: Kampuni inayoniuzia intaneti itajua?

Jibu: Yaliyomo haiwezi kuyasoma, lakini inaweza kugundua kwamba unatumia programu hii. Kwa sababu hiyo nimeliondoa kufuli la kijani, alama ya "uko salama", kwenye mchoro wangu wa skrini, na mahali pake nimeandika: "Anayekuuzia intaneti anaweza kujua kwamba unatumia programu hii." Mwenzangu anayechora vitufe asema sentensi hiyo itatufukuzia watu. Huenda. Bado tunavutana.