Upo Rukwa, bingwa wa fizi yupo Dar: fanya hivi kabla hujakata tiketi

Wakuu, huku mikoani fizi zikianza kutoa damu na jino kucheza, jibu ni moja tu, ng'oa. Mama mdogo wangu alishang'olewa mawili hapa Sumbawanga ndo tunakuja kuambiwa kumbe shida ni fizi na bingwa wake yupo Dar, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi. Tukaenda kichwa kichwa, tunafika mapokezi Jumatano tunaambiwa kliniki yake ni Jumanne, basi siku 6 tumekaa Mbagala kwa shemeji tunammalizia unga.

Kwanza, sio kila fizi inahitaji bingwa. Kusafisha ugaga unafanyiwa hata hospitali ya mkoa, na fizi ambayo ndo kwanza imeanza kuvimba mara nyingi inaishia hapo, ila uwe unapiga mswaki kweli na kusafisha katikati ya meno. Muombe daktari akupime kina cha fizi, ana kijichuma chembamba chenye alama anakichomeka taratibu kati ya jino na fizi, na mwambie aandike namba za kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Usafishwe, urudi kupimwa baada ya wiki kama 6 hivi, ukikuta bado kuna sehemu za 6 kwenda juu au meno yanalegea, hapo sasa omba rufaa. Na uulize kwanza Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kama wanaweza kukuhudumia, mbona ni karibu mara tatu kuliko Dar.

Kama ni Dar kweli, piga simu kabla. Usiulize "daktari wa meno yupo?" maana watakujibu yupo, uliza bingwa wa fizi anaona wagonjwa siku gani, na bima yako inataka barua gani ya rufaa. Beba zile namba, picha ya eksirei, orodha ya dawa unazotumia, na kama una kisukari nenda na majibu ya kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi 3 (HbA1c), kwa sababu sukari ikiwa juu fizi haziponi vizuri hata akushike nani. Sigara nayo hivyohivyo (mjomba najua unasoma).

Ukishamuona mwambie wazi umetoka mbali, akusogezee kazi zote kwenye siku zinazofuatana. Halafu, hili sisi tulilikumbuka tushafika getini ikabidi turudi ndani, akuandikie barua ya kurudi nayo nyumbani, ili kule kusafishwa kwa kila miezi 3 ufanyiwe mkoani kwako. Mama mdogo sasa anapanda boda tu, karatasi yake kaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki.

Ila uso ukivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, achana na mambo ya rufaa, kimbia hospitali ya karibu usiku huohuo.