Joto la bati: kuchagua kinga ya dari kwa nyumba za Mwanza

Saa nane mchana, panda stuli uweke kiganja karibu na dari bila kuligusa. Ukihisi joto kama umeinamia jiko la mkaa, tatizo lako ni bati, wala si ukuta.

Mwanza ipo nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri linapita utosini. Bati linaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi, nalo hutupa joto chini kama moto unavyokuchoma uso bila kukugusa. Jipsamu ya milimita 9 peke yake haifui dafu: nayo hupata moto, kisha inaushusha kitandani. Pesa ziende juu. Ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni, dawa yake ni mti au baraza.

Sasa chagua kwa kero. Kama ni joto, nunua foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa. Kama mvua ya masika ikianza mnaacha kusikilizana sebuleni, foili haitakusaidia. Hapo ni sufi ya glasi, blanketi la nyuzi laini za kioo.

Foili hufanya kazi ikiwa na hewa pembeni yake. Uso wake unaong'aa ukigusana na bati, joto linapita kana kwamba haipo, na hilo ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote. Kwa nyumba inayoezekwa, itandaze juu ya kenchi (mbao zinazobeba paa) kabla ya papi (mbao za kupigilia bati) kupigwa. Papi za 2 kwa 2 zitaacha nafasi ya karibu sentimita 5. Uso unaong'aa utazame chini, kwa sababu ukitazama juu vumbi litaufunika. Anzia kwenye facha bodi, ubao wa ukingo wa chini wa paa, kupanda, kipande cha juu kikilalia cha chini kwa sentimita 15. Ncha ya chini itokeze nje hadi kwenye gata: bati likipoa usiku hutoa jasho, na foili iliyoishia ndani italimwaga darini.

Hesabu yake: paa la mita za mraba 96, rola la mita 1.2 kwa 50. Ukitoa mpishano unabaki na upana wa 1.05, yaani mita za mraba 52.5 kwa rola. Rola mbili zinatosha na chenji ya kukata. Marola hayalingani, pima kabla ya kulipa.

Kama bati liko juu tayari, foili hupigwa chini ya kenchi kwa vipande vya mbao. Zima meni swichi kwanza. Foili inapitisha umeme. Msumari mmoja ukitoboa waya, dari zima lina umeme. Australia mafundi walikufa hivyo mwaka 2009 na 2010. Ingieni alfajiri, saa nne muwe mmeshuka.

Sufi ya glasi ya milimita 50 hulazwa juu ya dari. Uwezo wake wa kuzuia joto ni 1.25 hivi (unene wa mita 0.05 gawa kwa 0.04, kipimo cha jinsi sufi inavyopitisha joto), wakati jipsamu ya milimita 9 haizidi 0.06. Usiishindilie: kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Ikilowa haina maana, basi ziba matundu ya misumari ya bati kwanza. Vaa glovu, barakoa na mikono mirefu, na uache nafasi kuzunguka taa zilizozama darini.

Povu jeupe la maboksi ya TV tusiliweke darini. Linawaka upesi na moshi wake ni mbaya.

Mwisho, acha matundu ya hewa kwenye pembe za paa, kila upande moja, uyazibe kwa wavu wa mbu. Wavu wa kuku huzuia popo tu. Wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi hupita. Wakijaa kwenye wavu wa mbu, hewa haipiti tena. Wapige brashi wakiwa wakavu, maana wakilowa hugandana na kunuka.