Kuhamisha daftari la mchele kwenye MySQL

Nauza mchele wa Kyela kwa jumla pale Mwanjelwa, Mbeya. Ukitaka kuachana na madaftari na kutumia MySQL, programu ya kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta, anza na majedwali mawili: wateja na mauzo. Jina la mteja liandike mara moja tu, mpe namba, na kwenye mauzo weka namba hiyo. Mimi nilianza na jedwali moja. Mteja wangu wa Tukuyu akaandikwa kwa tahajia tatu, deni lake likagawanyika vipande vitatu, na kwa miezi miwili nikawa namdai pungufu. Iliniuma sana.

Fedha zihifadhi kama DECIMAL, aina ya namba inayotunza tarakimu kamili, si FLOAT, maana FLOAT hukadiria.

Kubwa zaidi ni umeme. Kupunguza magunia stoo na kuandika deni kuwe muamala mmoja, yaani kazi zinazokamilika zote au kufutwa zote, kati ya amri ya kuanza, START TRANSACTION, na ya kuthibitisha, COMMIT. Umeme ukikatika katikati, vyote viwili vinabatilishwa. MySQL ina aina kadhaa za majedwali; hakikisha yako ni ya InnoDB. Ya MyISAM hayana kinga hiyo.

Jioni, kabla sijafunga duka, natoa nakala ya kumbukumbu zote kwa mysqldump, programu ya kunakili inayokuja na MySQL, naitia kwenye flashi na kwenda nayo nyumbani. Kila mwezi naijaribu kwenye kompyuta ya kaka yangu, nione kama inarudi nzima.